Nusu ya Ushuhuda

Jumapili moja ya mwezi wa kumi, mwaka 2019, nilisimama mbele ya ushirika wetu hapa Mwanza kutoa ushuhuda. Nilisema kwamba kwa miezi mingi nilikuwa gizani, usingizi ulinikimbia, chakula kilinishinda, na hata kuimba, mimi niliyeimba sauti ya pili tangu nikiwa msichana, nilikuwa siwezi tena. Kisha nikasema, "Lakini Bwana ameniponya." Akina mama wakapiga vigelegele, kwaya ikaitikia kwa wimbo, nami nikarudi kukaa.

Kila neno nililosema lilikuwa kweli. Ila kuna jambo nililoliacha. Nyumbani, ndani ya kopo la majani ya chai juu ya kabati, nilikuwa na vidonge nilivyomeza kila asubuhi. Ninaandika haya ili nimalize ushuhuda ule.

Kwetu ni Ukerewe. Sisi watu wa visiwani tunajua msiba. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara, Septemba 20, 2018, na watu zaidi ya mia mbili wakapoteza maisha, hakuna aliyehitaji kufundishwa la kufanya. Maturubai yalifungwa, masufuria yakabandikwa, akina mama wakalala chini pamoja na wafiwa. Huzuni ile ilikuwa na majina na makaburi, na kila mtu aliielewa.

Huzuni yangu haikuwa na kaburi. Ilianza mwezi wa tatu mwaka uliofuata, bila kufiwa, bila kuachwa, bila deni. Nilianza kuamka saa tisa usiku moyo ukidunda kama mtu anayefukuzwa. Darasani nilisimama na chaki mkononi nikasahau nilitaka kuandika nini. Madaftari ya wanafunzi yalirundikana mezani, na kulifungua moja tu kulikuwa kazi kama ya kupandisha ndoo ya maji mlimani. Watu waliponiuliza, "Mwalimu, una nini?" nilikosa jibu. Nani angenifungia turubai, na hakuna aliyekufa?

Tuliomba, na sisemi hivyo kwa dharau. Nilifunga siku tatu. Akina mama wa ushirika walikuja nyumbani wakanishika mikono, na mzee mmoja akaikemea roho ya huzuni. Walinipenda kweli. Lakini siku zilivyopita bila nafuu nilianza kujihesabia kosa jingine juu ya yale mengine: kwamba imani yangu ni haba. Mwisho nikafika mahali pa kuamini kwamba watoto wangu wangekuwa afadhali bila mimi. Usiku nilipomwambia mume wangu wazo hilo hakunihubiria. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Mama, kesho huendi shule. Tunakwenda kwa daktari."

Daktari aliuliza maswali mengi kwa upole. Usingizi umepungua tangu lini? Vitu ulivyovipenda bado vinakupendeza? Unajiona huna thamani? Umewahi kufikiri kuhusu kufa? Alinipima damu pia, maana yako magonjwa mengine ya mwili yanayofanana na haya. Kisha akasema, "Mama, una sonona, na wasiwasi uliopitiliza umeambatana nayo. Ni ugonjwa, nao una matibabu." Nililia. Ilikuwa mara ya kwanza shida yangu kuitwa kitu kingine kuliko kosa langu.

Aliniandikia dawa iitwayo fluoksetini. Kwa kuwa mimi ni mwalimu nilimtaka anieleze inavyofanya kazi, naye akaeleza. Seli za ubongo hazigusani. Hupelekeana habari kwa kemikali zinazovuka nafasi ndogo sana iliyo kati yake, na mojawapo ya kemikali hizo ni serotonini. Seli iliyoitoa huivuta irudi upesi. "Fikiria mitumbwi inayovuka kutoka mwalo mmoja kwenda mwingine," akasema. "Dawa hii haiongezi mitumbwi. Inaizuia isirudishwe kabla haijamaliza kazi yake ng'ambo." Akaongeza kwamba jambo hilo huanza ndani ya saa chache, lakini mgonjwa huchukua majuma kuona nafuu, kwa sababu ubongo hujipanga upya polepole. Wala hakunidanganya kwamba sonona ni upungufu wa kemikali moja tu. Alisema wataalamu bado wanaichunguza, na kwamba urithi, shida za maisha na hali ya mwili vyote vina sehemu.

Baadaye nilisoma kwamba baadhi ya dawa za kwanza za sonona ziligunduliwa bila kutafutwa. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View huko New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa dawa mpya iitwayo iproniazidi walionekana kuchangamka kuliko ilivyotarajiwa. Daktari mmoja Mswisi, Roland Kuhn, alijaribu imipramini kwa ugonjwa mwingine wa akili, akaona inawafaa wenye sonona, akatangaza habari hizo mwaka 1957. Fluoksetini iliruhusiwa Marekani mwaka 1987. Nilipoyasoma hayo niliona mkono wa Mungu, ambaye huwaacha watu waokote wasichokuwa wakikitafuta.

Majuma mawili ya kwanza yalikuwa magumu. Nilisikia kichefuchefu, kichwa kiliuma, na wasiwasi ulizidi badala ya kupungua. Daktari alikuwa amenionya, na alimtaka mume wangu aniangalie kwa karibu siku hizo. Juma la tatu sikuona kitu. Juma la tano, asubuhi moja, jirani alikuwa akikaanga dagaa, nikatambua kwamba nasikia harufu yake na kwamba nina njaa. Furaha ilikuwa bado iko mbali. Hiyo ilikuwa njaa tu. Lakini ilikuwa miezi sijaijua. Baada ya hapo usingizi ukarudi, kisha madaftari, kisha sauti. Vidonge havikuniombea. Vilinirudishia nguvu ya kupiga magoti na kuomba mwenyewe. Pamoja navyo nilikwenda kwa mshauri kila baada ya majuma mawili, naye alinifundisha kuyatambua mawazo yanayonidanganya.

Basi kwa nini sikuyasema hayo siku ile ya Oktoba? Niliona aibu. Niliogopa wazazi wa wanafunzi waseme mwalimu wao ni kichaa. Na niliogopa, nakiri, kwamba vidonge vingeupunguzia ushuhuda wangu utukufu.

Majuma kadhaa baadaye nilisikia kwamba binti mmoja wa kwaya yetu amelazwa. Nilikwenda kumwona. Alikuwa amekonda, midomo imekauka.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Mwalimu, wewe ulifunga siku ngapi?"

Sikumwelewa. Akaeleza taratibu. Naye alikuwa anatumia dawa za sonona, kwa siri kama mimi, na zilikuwa zimeanza kumsaidia. Aliponisikia nikisema Bwana ameniponya, alirudi nyumbani akavitupa vidonge vyote chooni, akaanza kufunga. Kwanza alipata kizunguzungu, kisha giza lilimrudia kwa nguvu kuliko mwanzo. Mama yake ndiye aliyemwahi.

Nilimshika mkono nikamwambia, "Sikupona kwa kufunga, mwanangu. Nilimeza vidonge. Leo asubuhi pia nimemeza." Alinitazama kwa muda mrefu. Sijui kama ulikuwa ni unafuu au hasira niliyoiona machoni pake. Vyote viwili vilistahili.

Usiku ule nilifungua Biblia mahali ninapopajua tangu shule ya Jumapili, habari za Eliya katika 1 Wafalme 19. Nabii aliyeshusha moto Karmeli anakaa chini ya mti na kuomba afe. Nilikuwa nimezoea kukimbilia Horebu, kwenye ile sauti ya utulivu. Safari hii niliona kilichotangulia. Mungu hakumkemea wala kumhubiria. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Mazungumzo yalikuja siku arobaini baadaye. Nikafungua pia habari za Hezekia: Bwana alikuwa amekwisha kuahidi kumponya, lakini bado Isaya aliagiza bonge la tini liwekwe juu ya jipu lake. Ahadi haikuiondoa dawa. Hata hospitali ya Bugando, inayoonekana kilimani kutoka sehemu nyingi za mji wetu, Kanisa Katoliki ndilo lililoijenga. Waliochanga fedha zile hawakudhani wanamnyang'anya Mungu kazi yake.

Nilimwendea Mchungaji nikamwambia nina ushuhuda sijaumaliza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, umalize."

Jumapili iliyofuata nilisimama mahali palepale. Nilikuja na kile kopo la chai. Hapakuwa na vigelegele. Kanisa lilinyamaza hata nikasikia bodaboda zikipita nje, na mtu mmoja akatoka. Lakini baada ya ibada watu watatu walinisubiri nje, kila mmoja kwa wakati wake, akijifanya ana shida nyingine. Wa mwisho alikuwa yule mzee aliyenikemea roho ya huzuni. Aliangalia chini, akauliza, "Hivyo vidonge, Mwalimu, mtu huanzia wapi kuvipata?" Sikumuuliza ni kwa ajili ya nani.

Ndugu msomaji, sisemi kwamba kila huzuni inahitaji kidonge. Mfiwa anahitaji watu. Lakini huzuni au hofu ikikaa majuma, ikala usingizi, chakula na kazi, ikaanza kusema habari za kufa, mpeleke mtu huyo hospitali leo, na muombe mkiwa njiani. Akipewa dawa, mvumilie majuma yale ya kwanza. Akipata nafuu asiziache. Kwa kawaida huendelea nazo miezi sita au zaidi, kisha hupunguzwa kidogo kidogo na daktari. Mimi nilipunguza mwaka 2021, ugonjwa ukarudi mwaka uliofuata, nikaanza tena. Sikuhesabu kwamba nimeanguka dhambini.

Yule binti alirudi kwenye kwaya. Amenisoma haya kabla hayajachapwa, akaniruhusu. Siku hizi husimama kushoto kwangu. Kopo la chai lina majani ya chai tu, na vidonge viko mezani karibu na sukari. Asubuhi tukishika mikono kushukuru kwa uji na mkate, nashukuru na kwa hivyo pia, kwa sauti, watoto wakisikia.