Kitabu na Sahani ya Samaki

Katika mji wa Migori yuko karani mmoja wa Serikali ambaye kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mshahara ukiisha kupokewa na madeni ya dukani yakiisha kulipwa, hupanda matatu kwenda Homa Bay kula samaki pamoja na rafiki zake wawili. Wenzake wa ofisini humcheka, kwa kuwa samaki wapo Migori pia. Yeye hujibu kwamba samaki wa Migori amekwisha kusafiri, na msafiri hufika amechoka.

Garini hana mazungumzo, husoma. Mwezi huo alikuwa na kitabu cha marehemu Grace Ogot kiitwacho The Promised Land, yaani Nchi ya Ahadi, kilichotolewa Nairobi mwaka 1966. Mwandishi huyo alizaliwa Asembo mwaka 1930, akawa muuguzi kabla ya kuwa mtunzi, na baadaye akaingia Bungeni. Gari lilipofika Awendo, penye mashamba ya miwa, alipanda rafiki wa kwanza, mkulima, naye akaketi karibu yake bila kumkatiza. Huko Rongo waliacha barabara kuu iendayo Kisii, wakashika ya kushoto, na baada ya kupita Rodi Kopany hawakukawia kuliona ziwa.

Rafiki wa pili, mwalimu, aliwangoja katika hoteli moja ndogo isiyokuwa mbali na ufuko. Hapo hakuna orodha ya vyakula. Mtu huongozwa hadi penye karai, akachagua samaki wake kwa kidole, kisha huletewa birika na beseni anawe mikono. Mwalimu alichagua ngege, mkubwa wa kutosha watu watatu, akaagiza achemshwe na nyanya na vitunguu. Mkulima alitaka mbuta wa kukaanga, ndipo Mwalimu akaanza hotuba yake ya kila mwezi: ya kuwa mbuta ni mgeni, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950, na kwamba amewala wenyeji wengi wa ziwa hilo.

"Basi, Japuonj, na mimi namla yeye," alisema Mkulima.

Ugali ulikuja mweusi, wa mtama uliochanganywa na muhogo, pamoja na mboga ya mnavu, ambayo wenyewe huiita osuga, iliyopikwa kwa maziwa mpaka uchungu wake ukatulia. Kwa muda hakuna aliyesema neno. Ni heshima kwa mpishi kula kimya, na tena miiba ya ngege haimpi mtu nafasi ya kusema ovyo.

Mikono ilipokwisha kunawiwa, Mkulima aliomba asimuliwe kile kitabu, maana Kiingereza chake si cha kusomea riwaya. Karani akaanza. Palikuwa na kijana Mjaluo, jina lake Ochola, aliyemwoa Nyapol. Kijana alisikia habari za ardhi pana yenye rutuba ng'ambo, katika Tanganyika, akaamua kuhama. Mkewe hakutaka. Walakini walivuka, wakalima, wakapata mavuno mengi na mali.

Mkulima alisikiliza, amekaza macho. Hatimaye alikohoa, akawaambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Shamba la baba yake lilikuwa limegawanywa kwa ndugu wanne, na kipande chake hakikutosha miwa na chakula pamoja. Muwa nao hungojewa mwaka na nusu kabla ya kukatwa, na ada za shule hazingoji. Kwa hiyo alikuwa amepatana na jirani amkodishie kipande hicho kwa miaka mitano. Fedha angepokea Jumatatu, kisha avuke mpaka wa Isebania akatafute shamba upande wa Tanzania.

Mwalimu, ambaye huwa na neno kwa kila jambo, aliitazama sahani yake. Karani alifikwa na mashaka, kwa sababu alikuwa ameusoma mwisho wa kitabu, na rafiki yake hajausikia. Kuusema ilikuwa kama kumtabiria mwenziwe mabaya. Kuuficha ilikuwa udanganyifu. Akaanza na lililo rahisi zaidi. Akasema kwamba katika siku za Ochola nchi zote mbili zilitawaliwa na Waingereza. Sasa mambo ni mengine, na sheria ya ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 haimpi ardhi asiyekuwa raia, ila kwa shughuli za uwekezaji. Mkulima alijibu kwamba jamaa zake wa huko wangemwazima mahali pa kulima. Karani hakubisha, ingawa jamaa anayeazima shamba hulikumbuka siku mavuno yanapokuwa mazuri.

Ndipo akausema mwisho. Jirani wa Ochola aliingiwa na wivu. Ochola akapatwa na ugonjwa wa ajabu, ngozi ikachipuka kama miiba, madaktari wakashindwa, na mwishowe alirudi kwao akiacha yale aliyoyachuma.

"Uchawi siuogopi," alisema Mkulima. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Na yule mwanamke, Nyapol, aliambiwa lini habari za kuhama?"

"Aliambiwa shauri likiwa limekwisha katwa," alijibu Karani. "Na wewe, Omera, mama watoto umemwambia lini?"

Mkulima hakujibu. Alichukua kitabu mezani, akakifunga ndani ya gazeti kama afungavyo samaki wa kupeleka nyumbani, akasema kwamba binti yake yumo katika shule ya sekondari na Kiingereza anakijua.

Jumatano Karani alipigiwa simu ofisini. Fedha za jirani zilikuwa hazijapokewa. Binti husoma kurasa chache kila jioni, akazifasiri kwa Kijaluo jikoni, na mama yake amesema kwamba habari za mkataba zisiletwe mbele yake mpaka kitabu kiishe. Tena amekuwa akimwamuru binti arudie mahali pale Nyapol anapokataa kuondoka. Kwa mwendo huo, alisema Mkulima, huenda Karani akasafiri mwezi ujao bila kitu cha kusoma.