Ndege wawili, wimbo mmoja

Umewahi kwenda kutembea na mwenzio wakati hamsemeshani? Mimi nimewahi. Arusha hadi Tarangire ni kama kilomita 120 tu, ila siku ile niliona kama tunaenda Kigoma. Baba Neema alikuwa amempa kaka yake hela yetu ya kiwanja bila kuniambia, na hoteli tulishailipia.

Asubuhi nikatoka peke yangu na kikombe cha chai. Juu ya mgunga, ko ko ko! Kigong'ota.

"Huyo dume, dada," akasema kijana anayetembeza wageni. "Utosi wote mwekundu. Jike ana wekundu kisogoni tu."

Dume akapiga kelele, jike akaitikia papo hapo kutoka mti wa pili. Kumbe hawa, wanaoitwa vigong'ota wa Nubia, hukaa wawili wawili na huitana hivyo kutwa. Shimo la kiota wanachimba wote, mayai wanalalia kwa zamu, na kwa vigong'ota wengi zamu ya usiku ni ya baba! Nikacheka mwenyewe.

Baba Neema akaja kuuliza nacheka nini. Nikanyamaza. Kijana, nadhani alishatusoma, akasema, "Shemeji, twendeni niwaonyeshe binamu zao."

Tukapanda gari. Juu ya kichuguu walisimama zuwakulu wawili, rangi nyekundu na njano, mabawa meusi yenye madoa meupe, utadhani wamevaa kitenge. Ni ukoo mmoja na kigong'ota. Hata vidole ni vilevile, viwili mbele, viwili nyuma. Nyumba yao wanaichimba humo humo kichuguuni. Wakaanza kuimba, mmoja anatoa, mwenzie anapokea, vichwa vinatikisika, mpaka hujui sauti ipi ni ya nani.

"Mmoja akinyamaza je?" nikauliza.

"Hapo hakuna wimbo tena, dada."

Gari likawa kimya. Kisha Baba Neema akasema taratibu, "Mama Neema, nilitakiwa nikwambie."

Sitakudanganya, hela yenyewe haijarudi mpaka leo. Lakini siku hizi shilingi haitoki nyumbani kwetu kabla hatujakaa wawili.

Ukienda Tarangire, usitafute tembo tu. Mwamshe mwenzio mapema, mkasikilize. Na kama mmenuniana, ndiyo kabisa nendeni.