Neno la Nyuma ya Kinu

Kinywa ni jumba la maneno, walinena wahenga, ila hawakutwambia ni nani mwenye haki ya kulibomoa jumba hilo pamoja na mali ya mwenyewe. Swali hili limeniandama tangu Desemba ya 2007, nilipokuwa kijana wa kupima mahindi katika kinu kimoja cha kusaga unga viungani mwa Subukia, kando ya barabara iendayo Nyahururu.

Siku chache kabla ya uchaguzi, mwenye kinu, akinywa chai na mkewe nyuma ya mashine, alitamka neno chafu kuhusu jamii ya baadhi ya wateja wetu. Nililisikia kwa sababu stima ilikuwa imepotea na kelele za mashine zimenyamaza. Jioni nikawasimulia vijana wenzangu, tukacheka. Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30, neno lile lilirudi limeshika mapanga. Mzee alinusurika. Mota, mabati na magunia havikunusurika.

Wapo waniambiao kwamba alivuna alichopanda. Hunitolea mfano wa Donald Sterling, mmiliki wa timu ya mpira wa kikapu ya Los Angeles Clippers. Aprili 2014 ilifichuliwa sauti yake, iliyonaswa faraghani, akimkanya rafiki yake wa kike asiandamane hadharani na watu weusi. NBA ikampiga marufuku maishani, ikamtoza faini ya dola milioni 2.5, na timu ikauzwa kwa dola bilioni 2. Naam, lakini Sterling alikuwa ndani ya umoja wenye kanuni alizozikubali, na thamani ya timu haikuporwa. Mzee wetu hakupewa hata risiti.

Mfano wa karibu zaidi ni ule wa Ruiru, Septemba 2018. Mchina aliyekuwa katika biashara ya pikipiki alirekodiwa na mfanyakazi wake akiwaita Wakenya nyani, Rais akiwamo. Alifurushwa nchini. Hapo sioni la kutetea: tusi ambalo bosi anamtupia usoni anayemtegemea kwa mshahara si siri ya chumbani tena.

Sheria yetu ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 humtoza mwenye matamshi ya chuki faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Katiba ya 2010 nayo inakataa kuyapa matamshi hayo kinga ya uhuru wa kujieleza, huku kifungu cha 31 kikilinda faragha na cha 40 kikilinda mali. Kwa ufahamu wangu, mdomo waweza kushtakiwa. Kinu hakina kosa.

Simsafishi Mzee. Lau wateja wangalisikia na kupeleka madebe yao kwingine, ningaliwapongeza. Lakini mimi ndimi niliyeshika mizani yake. Kilo ya mtu wa jamii ile ilikuwa kilo, na mama mmoja wao alisagiwa kwa mkopo mwezi mzima mumewe alipokuwa amelazwa hospitalini. Neno la Mzee na mizani yake havikupatana, nami nilitoka nje na kimoja tu kati ya viwili hivyo.

Msingi wa saruji ungali pale, na nati nne zilizoshika kutu. Mama yule sasa hubeba debe lake hadi sokoni. Tukikutana njiani humwamkia, nikampokea mzigo hadi penye mteremko, wala sijamwambia.