Kishada cha Vitoto vya Buibui Msituni

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Malindi, akiisha kupita mji wa Kilifi, huuona mkono wake wa kushoto msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420. Familia zinazozuru magofu ya Gede aghalabu huingia humo pia, kwani ni jirani. Huko, mama aliyemshika mwanawe mkono huenda akakuta juu ya jani kishada cha vidudu mfano wa punje za ufuta, vimekumbatiana pasi na kutikisika.

Mama zangu, tambueni kwanza kabla ya kugusa, maana kupe wachanga nao hukusanyika vivyo hivyo kwenye ncha za nyasi, wakingoja mnyama au mtu apite. Kipigeni picha kwa simu, muikuze, mhesabu. Kupe aliyeanguliwa karibuni ana miguu sita, mwili wake ni kipande kimoja, wala hana uzi. Mtoto wa buibui ana miguu minane, mwili wa sehemu mbili, na kishada chake kina nyuzi nyembamba. Wakiwa ni kupe, rudini nyuma, na mfikapo nyumbani mkague nguo na miili ya watoto, kwani kupe huweza kuambukiza homa.

Wakiwa ni buibui, msiharakishe kuwapa jina la aina yao, kwa kuwa wachanga mara nyingi hawafanani na mama yao. Mtafuteni mama. Yuko awindaye ardhini bila kutega utando; huyo huwabeba wanawe mgongoni. Yuko abebaye kifuko cha mayai kinywani, kisha hukifunga majanini kwa hariri na kukilinda. Mama asipoonekana, yatosha kusema ni watoto wa buibui.

Watakaa hivyo siku chache, wakijilisha kwa masazo ya kiini cha yai yaliyo miilini mwao. Kisha wengi wao hupanda mahali pa juu, wakatoa uzi, upepo ukawachukua. Wakikua, hutupunguzia nzi na wadudu wengine.

Sura ya 29 ya Qur'ani yaitwa kwa jina la kiumbe huyu, na vazi la stara la mama zetu hapa pwani nalo ni buibui. Basi asichomwe moto kwa sababu tu ametushtua. Mwonyesheni mtoto, ahesabu miguu, kisha mwendelee na safari yenu.