Amri Ndefu
Mjukuu wangu hutengeneza programu za kompyuta, naye ndiye aliyenieleza kwamba hata mashine ina kikomo cha kusikiliza. Katika Windows, amri inayoandikwa kwenye dirisha la amri haiwezi kuzidi herufi 8,191. Mradi mkubwa huwa na maelfu ya mafaili. Ukiyataja yote kwa majina yake marefu katika amri moja ya kuyaunganisha, kompyuta hukataa na kusema kuwa amri ni ndefu mno.

Dawa yake ni nyepesi. Majina huandikwa katika faili moja, kisha amri hulitaja faili hilo tu, likitanguliwa na alama ya @. Programu ya kuunganisha hulifungua na kuyasoma yote. Ama orodha hugawanywa mafungu, kila fungu likashughulikiwa peke yake.

Shuleni niliwaona viranja wakitumwa kwa mdomo kuwaita wanafunzi 30. Waliitikia, "Ndiyo, mwalimu," wakarudi na 25. Na wale 5 waliosahauliwa ndio walioadhibiwa kwa kutofika. Kwa hiyo namheshimu mjumbe asemaye mapema kwamba mzigo umemzidi. Huyo hupewa karatasi, na kazi ikaenda. Wa kuogopwa ni yule aitikiaye tu.