Tabora, Mabehewa Yanapokatwa

Kuna kauli inayosemwa kwa uhakika mkubwa ndani ya treni ya Kigoma mwezi wa Julai, vyuo vinapofungwa, nayo ndiyo iliyonitia hamu ya kuandika: kwamba urafiki wa chuo huishia getini. Wazee waliosoma huisema, na wasiosoma huisema. Cha kuudhi zaidi, huisema pia wanafunzi wenyewe, wakiwa wamebanana wanne kwenye kiti cha watatu, begi la mmoja likiwa mto wa mwingine. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma sina la kueleza. Ni vumbi, usingizi na karanga. Kauli hiyo ikapimwe Tabora, kwa sababu huko ndiko treni inakokatwa: mabehewa ya Mwanza yanapata kichwa chao, ya Kigoma chao, na watu waliokula sahani moja tangu Novemba wanajikuta wamepeana kisogo.

Kusubiri Tabora ni adha, nami sitaipamba. Baridi ya Julai inapenya kwenye dirisha lisilofungika, mtoto wa mtu analia behewa la pili, na hakuna anayejua kwa hakika tutaondoka saa ngapi. Lakini ni saa hizo hizo ambapo mazungumzo ya wanafunzi hubadilika. Hadi Manyoni bado wanazungumzia mitihani, mhadhiri mkali na bumu la mkopo lililochelewa. Tabora wanaanza kusema ya nyumbani: nani anakwenda kuchuma pamba, nani kwao tumbaku imeuzwa na pesa haijaingia, nani bibi yake alifariki wakati wa mtihani na hajaliona kaburi. Mchekeshaji wa hosteli hugundulika kuwa ni kifungua mimba anayegawa bumu lake kulipia wadogo zake. Ukiniuliza, hapo ndipo urafiki unapoanza. Yaliyotangulia yalikuwa ujirani wa vitanda, na hayo ndiyo yanayoishia getini, kama kauli inavyodai.

Njia yenyewe inanipa ushahidi. Wajerumani walianza kujenga reli hii Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, lakini kabla yao misafara ya karne ya kumi na tisa ilikuwa ikipita ukanda huo huo kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo unatajwa mara nyingi kuwa tunda la safari hizo. Watu hao hawakuishi pamoja. Walikutana, wakaachana, wakakutana tena msimu mwingine, na bado utani ulimpa mgeni haki kubwa: kutania hata msibani, kuchukua kitu cha mtani wake bila ugomvi, na kuwa na kazi ya kufanya siku ya mazishi. Kama kutawanyika kungekuwa kifo cha urafiki, utani huo usingezaliwa.

Nitaambiwa kwamba ule ulikuwa mkataba wa jamii mbili, wala si mapenzi ya vijana wawili waliopangiwa chumba kimoja. Ni kweli. Lakini angalia mwanafunzi wa leo ametokea wapi. Zamani serikali ilikuwa ikiwapeleka wengi shule za bweni mbali na mikoa yao. Kijana wa Kigoma aliweza kumaliza sekondari akiwa tayari amelala chumba kimoja na wa Mtwara na wa Moshi. Tangu shule za kata zilipoenea katika miaka ya 2000, wengi husoma karibu na kwao, jambo jema kabisa, hasa kwa wasichana ambao zamani wasingepata nafasi. Matokeo yake ni kwamba wengi wanakutana na nchi yao kwa mara ya kwanza chuoni. Urafiki wa namna hiyo una miaka mitatu tu ya kukomaa, na mingi ya siku zake ni ya kukopeshana chumvi na kunakiliana vipindi. Wanaosema ni mwembamba hawakukosea. Wanakosea wanapodhani likizo ndiyo inayoukata.

Jibu la simu nimelisikia mpaka limenichosha: kundi la WhatsApp lipo, tutaonana humo. Simu inamwonyesha rafiki vile anavyopenda kuonekana. Haikuonyeshi mama yake anamwita kwa jina gani, wala kwamba ndani ya nyumba yao yeye ndiye mnyamavu. Ukimfuata Kigoma, mtu uliyemzoea akila chipsi utamkuta akibishana na shangazi yake kuhusu mgebuka uliokaangwa kwa mawese, na hapo ndipo utajua ulikuwa ukikosa nini kumhusu muda wote.

Pingamizi zito kwa kufuatana nyumbani ni la pesa. Wapo wasiokwenda nyumbani kabisa, kwa sababu wako kwenye mafunzo ya vitendo au kwa sababu nauli haipo. Hao sina cha kuwaambia kutoka dirishani. Wengine watasema nautukuza mwendo wa pole kwa kuwa mimi si mgonjwa wala mfanyabiashara. Hapana. Tangu 2024 treni ya umeme inafika Dodoma kwa takriban saa nne, nami naifurahia, na ikifika Tabora na Kigoma nitaipanda bila kuililia ile baridi. Ila kile kilichokuwa kikitokea kwa bahati wakati wa kusubiri itabidi sasa kifanywe kwa makusudi: wa Mwanza akate tiketi ya Kigoma kwa wiki moja, au wa Kigoma amfuate mwenzake Usukumani.

Wazazi watapinga, na wana haki. Mtoto hajaonekana miezi kadhaa, kisha anapitia kwao mwenzake, au anakuja na mdomo wa ziada. Lakini Usukumani mwezi wa Julai pamba iko shambani na watu hawatoshi. Mgeni hana haja ya kungoja siku ya tatu apewe jembe; pamba huchumwa kwa mikono, na yake atafika nayo.