Kurudi ni Kwenda Wapi? Tafakuri Kuhusu Ukaazi wa Kudumu Ujerumani

Wahenga walinena kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hufasiriwa kuwa onyo kwa mgeni mvivu, na hivyo ndivyo inavyofunzwa shuleni. Hata hivyo, imo ahadi ndani yake ambayo wafasiri wengi huipuuza. Anayekabidhiwa jembe ameacha kuwa mgeni. Amehesabiwa miongoni mwa wenye nyumba, kwani hakuna amwachiaye mpita njia shamba lake.

Ujerumani ilitoa jembe lakini jina la mgeni haikuliondoa. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, na hasa kufuatia mkataba wake na Uturuki wa mwaka 1961, Ujerumani Magharibi iliwaalika watu wa mataifa ya kusini waje kufanya kazi viwandani na migodini. Watu hao waliitwa Gastarbeiter, yaani wageni wafanyakazi. Mnamo Septemba 1964, Mreno aitwaye Armando Rodrigues de Sá, aliyehesabiwa kuwa mgeni wa milioni moja, alipokelewa kwa shangwe katika stesheni ya Köln-Deutz na kuzawadiwa pikipiki. Pikipiki hiyo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Bonn. Mwenyewe alikwenda zake Ureno akiwa mgonjwa, akafariki huko mwaka 1979. Uajiri wa aina hiyo ulisitishwa mwaka 1973, ila wengi wa walioalikwa walikuwa wamekwisha kuoa, kuzaa na kuzika katika nchi ile iliyodhani kwamba wangeondoka.

Wanaolishika jembe hilo leo wamo Wakenya pia, na idadi yao inatarajiwa kuongezeka tangu Kenya na Ujerumani zilipotia saini mkataba wa uhamiaji na ajira mjini Berlin, Septemba 2024. Yupo muuguzi mmoja, mzaliwa wa Wundanyi, aliyetangulia mkataba huo kwa miaka saba. Alikwenda mwaka 2017 kulea watoto katika familia ya Kijerumani, baada ya majirani na waumini wa kanisa la mamake kufanya harambee ya nauli. Mwaka uliofuata alianza mafunzo ya uuguzi ya miaka mitatu, na mwaka 2021 akaajiriwa katika makao ya wazee jijini Leipzig.

Sheria ya Ukaazi ya Ujerumani, iliyoanza kutumika Januari 2005, humtaka mgeni wa kawaida aishi nchini kwa miaka mitano na awe amelipia pensheni kwa miezi 60 kabla ya kupewa kibali cha kudumu. Aliyepata mafunzo ya kazi humo humo nchini hupunguziwa masharti: akishafanya kazi ya taaluma yake kwa miaka miwili anaweza kuomba. Ni lazima pia awe na nyumba ya kutosha, mapato ya kujikimu, na Kijerumani cha kiwango cha kati. Ule mtihani unaohofiwa na wengi, wa kupima ujuzi wa sheria na jamii, kwa hakika si mgumu. Maswali yake 310 yanajulikana hadharani. Mtahiniwa huulizwa 33, matatu kati yake yakihusu jimbo analoishi, na akipata 15 amefaulu. Muuguzi huyu alikariri rangi za bendera ya Sachsen, nyeupe na kijani, akiwa zamu ya usiku, huku kengele za wazee zikimkatiza. Kibali alikipata mwanzoni mwa mwaka 2024.

Kwa Kijerumani kibali hicho huitwa Niederlassungserlaubnis. Neno ni refu, ila mzizi wake unavutia: kitenzi kilichomo humaanisha kuweka makao, na hutumika vilevile kwa ndege anapotua mtini. Mtafsiri asiye na haraka angeweza kukiita kibali cha kutua. Sisi Waswahili hutua ndege na hutua mizigo, na kwa huyu binti vyote viwili vilikuwa vimetimia. Hakuhitaji tena kupeleka mkataba wa kazi kwa idara ya wageni kila kibali kilipokaribia kwisha. Alimpigia mamake simu akamwambia, "Mama, sasa siwezi kufukuzwa."

Maneno hayo yalikuwa kweli nusu. Sheria iyo hiyo inasema kwamba mwenye kibali cha kudumu akitoka nchini na kukaa nje zaidi ya miezi sita bila idhini, kibali chake hukoma. Hakuna anayekuja kukichukua. Kinajifia chenyewe, kama taa iliyoishiwa mafuta. Na akiondoka kwa nia isiyo ya muda, kinaweza kukoma hata kabla ya miezi hiyo. Aliyeishi humo kihalali kwa miaka 15 na mwenye kujitegemea hulindwa dhidi ya sharti hili. Asiyefikisha muda huo hana budi kuiomba idara ya wageni, kabla ya kusafiri, imwongezee muda, na aeleze sababu ya safari yake. Ndiyo kusema kwamba neno "kudumu" hapa halielezi kibali. Linaeleza linalotakiwa kwa mwenye kibali.

Mapema mwaka 2025 mamake alipatwa na kiharusi, upande wa kulia wa mwili ukalegea. Daktari alikadiria kwamba mazoezi ya viungo yangechukua takriban mwaka mzima. Kakake mkubwa alikuwapo nyumbani, lakini mama hakutaka kuogeshwa na mwanawe wa kiume. Basi binti, ambaye kwa miaka minne alikuwa amewaogesha mama za watu wengine kwa ustadi na kwa mshahara, aliomba likizo isiyo na malipo ili akamwogeshe wa kwake.

Wapo waliomshauri achukue uraia kwanza, na shauri hilo halikuwa la kipuuzi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humruhusu mzaliwa wa Kenya kuwa na uraia wa nchi mbili, nayo Ujerumani imeukubali tangu Juni 2024. Lakini maombi ya uraia hungoja zamu, na kiharusi hakingoji.

Katika ombi lake la kuongezewa muda, idara ilimtaka ataje tarehe ya kurudi. Hapo ndipo alipokwama, na kikwazo kilikuwa cha lugha kuliko cha sheria. Kwa miaka minane kitenzi "kurudi" kilikuwa na mwelekeo mmoja tu kinywani mwake. Harambee ilipofanywa, mzee wa kanisa alimwombea arudi salama. Mamake alimaliza kila simu kwa kuuliza, "Utarudi lini, mwanangu?" Sasa karatasi ilikitumia kitenzi kile kile kwa safari ya kinyume, tena ikadai siku na mwezi. Isitoshe, kutaja tarehe ya kuondoka Wundanyi kulikuwa ni kukisia siku ambayo mama angekuwa amepona, au hayupo. Aliandika tarehe 30 Novemba. Aliichagua, alivyoeleza baadaye, kwa sababu mvua za vuli zingekuwa zimekolea na shamba limekwisha kupaliliwa.

Alikubaliwa. Miezi tisa alimwinua mama kitandani, akamfunza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto, kisha akamfunza upya kwa ule wa kulia. Kufikia Oktoba mama aliweza kufika mlangoni akijishikilia ukutani. Mwisho wa Novemba binti alipanda ndege. Alipoingia chumbani mwake Leipzig alimpigia mama simu akamwarifu kwamba amefika. Hakusema amerudi.